Mbaazi Irudi Shambani: Namna ya Kuushinda Mnyauko

Ndugu mkulima, tukae pamoja, wewe na mwenzako, na watoto nao wasogee, maana maneno ya leo ni ya nyumba nzima. Leo tunazungumza juu ya zao ambalo wazee wetu walilijua, ambalo wengi wetu tumelipa kisogo, na ambalo lafaa lirudi. Zao hilo ni mbaazi.

Nasema nawe wa Hirbadaw, nawe wa Basotu, Endasak na Katesh, na wewe wa kule Haydom na Dongobesh. Pengine umewahi kuona jambo hili kwa macho yako. Umepanda mbaazi ndani ya mahindi. Zimeota vizuri, zimepita kipindi cha mvua salama. Mahindi yamekauka, mbaazi zimebaki peke yake, zimerefuka, zimeanza kutoa maua. Moyo wako umefurahi. Halafu siku moja unapita asubuhi unaona mmea mmoja umelegea kama uliomwagiwa maji ya moto. Baada ya juma moja imekuwa mitano. Maganda yanapoanza kujaa, kipande kizima cha shamba kimekauka kikiwa kimesimama.

Mkulima mmoja husema, "Ni jua." Mwingine husema, "Ni ardhi imechoka." Wa tatu anasema kuna jicho baya. Basi mwaka unaofuata anaacha mbaazi, anapanda mahindi matupu. Na hapo ndipo hasara ya pili inapoanza, kubwa kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa shamba lake sasa halina kitu cha kulirudishia chakula.

Tuanze na ugonjwa wenyewe

Ugonjwa huo unaitwa mnyauko. Huletwa na kuvu, yaani ukungu mdogo usioonekana kwa macho, jamii ya fusariamu. Kuvu huyu anaishi udongoni na ndani ya masalia ya mbaazi zilizokufa: mizizi, visiki na mabua. Anaweza kukaa humo miaka mitatu na zaidi akingojea. Ukipanda mbaazi tena mahali pale pale, anaingia kwa njia ya mizizi, anapanda katika mirija inayopitisha maji, anaiziba. Mmea unakufa kwa kiu, hata kama udongo una unyevu.

Utautambuaje? Chukua kisu ufanye mambo matatu. Kwanza, tazama udongo. Kama mmea umenyauka na udongo chini bado una unyevu, basi si jua. Pili, tazama shina. Mara nyingi utaona mstari wa rangi ya zambarau ukianzia chini karibu na ardhi na kupanda juu upande mmoja. Tatu, bandua gome mahali penye mstari huo. Ukiona michirizi ya rangi ya kahawia au nyeusi ndani ya mti, hapo huna haja ya kumwuliza mtu. Ni mnyauko.

Kwa nini unaonekana wakati wa maua na maganda, wala si mapema? Kwa sababu huo ndio wakati mmea unapohitaji maji mengi ya kujaza punje, na mirija yake imekwisha kuzibwa. Ugonjwa uliingia zamani. Wewe unaona mwisho wake tu. Kwa hiyo dawa ya kunyunyiza kwenye majani wakati huo ni kutupa fedha. Usiinunue.

Mbegu ndiyo ngao ya kwanza

Sasa, ndugu mkulima, nisikilize vizuri. Mnyauko hauponyeshwi, lakini unazuilika, na ngao ya kwanza ni mbegu.

Jirani zetu wa Babati walipita njia hii kabla yetu. Mnyauko uliwatesa sana. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa kituo cha Selian kule Arusha, wakishirikiana na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kavu, ICRISAT, yenye makao makuu huko Patancheru nchini India, walizijaribu mbegu zinazovumilia mnyauko katika mashamba ya wakulima wenyewe. Mojawapo ilikuwa na namba ICEAP 00040. Wakulima waliipenda kwa mambo mawili: ilisimama pale mbegu ya zamani ilipokauka, na punje zake ni kubwa na nyeupe, ambazo soko linazitaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mbegu hiyo iliidhinishwa hapa Tanzania kwa jina la Mali. Huko Malawi nako iliidhinishwa, wao wakaiita Kachangu. Malawi walikuwa wameanza mapema vita hivi, kwani mwaka 1987 walitoa mbegu nyingine inayovumilia mnyauko, ICP 9145.

Mali ni mbegu ya muda mrefu. Inakaa shambani tangu mvua za mwanzo hadi kiangazi kikali, na inapenda ubaridi wa wastani wakati wa kutoa maua, hivyo nyanda zetu za Hanang zinaifaa. Ukiipeleka pwani penye joto itachelewa kutoa maua. Na ukiipandisha juu kabisa kwenye vilele vya baridi kali vya Mbulu, nako itakawia kukomaa. Usipeleke mbegu mahali kwa kuwa umesikia jina lake tu. Kuna pia Tumia, ambayo ni ya muda wa kati, na Komboa, ya muda mfupi, iliyotolewa mwaka 1999. Mwulize bwana shamba au bibi shamba wako ipi inafaa kijiji chako.

Lakini hapa kuna mtego. Maua ya mbaazi hutembelewa na nyuki, na nyuki hawajui mpaka wa shamba lako na la jirani. Wanabeba mbelewele za mbaazi ya kienyeji na kuzichanganya na Mali yako. Baada ya misimu michache ya kutunza mbegu ovyo, unachokiita Mali kimebaki jina. Mnyauko unarudi, na watu wanasema wataalamu walituongopea. Hawakuongopa, mbegu imechanganyika.

Fanya hivi. Tenga kipande kidogo cha mbegu, mbali na mbaazi nyingine kiasi cha mita 200 au zaidi. Kama huwezi, chagua mbegu katikati ya shamba, wala si pembeni. Wakati wa maua ng'oa kila mmea usiofanana na wenzake, na kila mmea ulionyauka. Chagua mbegu kwenye mimea yenye afya ikiwa bado imesimama; usingoje kuchagua punje nzuri kwenye gunia. Punje nzuri yaweza kuwa ya mama mgonjwa. Na kila baada ya misimu mitatu hivi, nunua mbegu mpya iliyothibitishwa, au ile ya daraja la kuazimiwa ubora inayozalishwa na wakulima waliofundishwa na kukaguliwa. Tazama lebo kwenye mfuko. Mbegu ya sokoni iliyomwagwa kwenye turubai ni ya kupika.

Udongo nao una kazi yake

Mbegu peke yake haitoshi. Hata askari mwenye ngao hawezi kusimama katikati ya maadui elfu kila siku. Ndiyo maana tunasema zungusha mazao. Mahali ambapo mnyauko umeua mimea mingi, usirudishe mbaazi kwa miaka mitatu au zaidi. Panda mahindi, ngano au mtama. Mtama una sifa ya pekee: imeonekana kwamba mbaazi zinazopandwa pamoja na mtama, au kufuata mtama, hushambuliwa kidogo na mnyauko.

Jambo la pili, usikate mbaazi ili zichipue tena mwaka wa pili kwenye shamba lenye ugonjwa. Najua wengi hufanya hivyo kuokoa gharama. Lakini zile chipukizi zinakaa juu ya mizizi ya zamani, na mnyauko huongezeka. Ukivuna, ng'oa visiki, vipeleke nyumbani vikawe kuni. Mama wa nyumba atakushukuru, kwani mabua ya mbaazi huwaka vizuri na humpunguzia safari ya porini. Usiyaache yaozee shambani.

Sasa utaniuliza, "Kwa nini nijisumbue hivi? Si nipande mahindi tu?" Swali zuri. Ngoja nikujibu kwa hesabu.

Mbaazi ina vijifundo kwenye mizizi. Ndani yake wamo bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Zaidi ya hayo, mbaazi ya muda mrefu hudondosha majani mengi. Imekadiriwa kwamba majani hayo peke yake yanaweza kuurudishia udongo kiasi cha kilo 40 za naitrojeni kwa hekta, shamba likistawi. Kwa eka moja ni kama kilo 16. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kwa hiyo majani yaliyodondoka katika eka moja yanaweza kulingana na kilo 35 hivi za yurea, zaidi ya nusu mfuko. Si kwamba mahindi yatayapata yote kwa mwaka mmoja. Majani huoza polepole. Lakini hukuyanunua, wala hukuyabeba mgongoni.

Si hayo tu. Mwaka 1990 watafiti walionyesha kwamba mizizi ya mbaazi hutoa asidi inayoifungua fosforasi iliyoshikwa na chuma udongoni. Fosforasi hiyo ipo shambani mwako, lakini mahindi hayawezi kuifikia. Mbaazi inaifungua, inaila, na majani yake yakianguka yanaileta juu. Mizizi yake nayo huenda chini sana, huuvunja ule udongo mgumu uliokandamizwa na jembe la trekta, na maji ya mvua hupata njia ya kuingia badala ya kukimbia na kuchimba makorongo.

Sisi wa Hanang hatuhitaji kuhubiriwa juu ya makorongo. Tangu mwaka 1970 nyanda za Basotu zililimwa ngano kwa mashamba makubwa ya mashine, ekari maelfu kwa maelfu, zao moja baada ya mwaka. Ngano ni chakula na hatuidharau. Lakini ardhi inayolimwa zao moja na kubaki uchi muda mrefu huchukuliwa na maji. Mbaazi huifunika ardhi wakati mazao mengine yamekwisha kuvunwa.

Namna ya kupanda

Chukua kalamu uandike. Panda mbaazi siku ile ile unayopanda mahindi, mvua zikiwa zimeshika. Ukichelewesha majuma kadhaa, mahindi yatazifunika. Mistari ya mahindi iwe sentimita 90 toka mstari hadi mstari. Mbaazi zipande katikati ya mistari hiyo, shimo hadi shimo sentimita 60. Fukia sentimita 3 hadi 5. Tia mbegu tatu kila shimo, kisha punguza ibaki miche miwili. Kwa eka moja ya mchanganyiko, kilo 4 hivi za mbegu zitakutosha.

Usiogope kwamba mbaazi zitanyang'anya mahindi chakula. Mbaazi hukua polepole sana miezi ya mwanzo, wakati mahindi yanakimbia. Mahindi yakivunwa, ndipo mbaazi zinapochanua na kuchukua nafasi yao. Ni kama watu wawili wanaotumia jembe moja, mmoja asubuhi, mwingine jioni. Ila palilia mapema. Mbaazi changa haziwezi kushindana na magugu.

Maua yakitoka, kagua shamba kila baada ya siku chache. Viwavi hutoboa maganda na kula punje, na wadudu wafyonzao huziacha zimesinyaa. Kama ni wachache, waokote kwa mkono. Ikibidi kutumia dawa, uliza kwanza, na nyunyiza jioni nyuki wakiwa wamelala.

Ghalani, adui ni fukusi wa jamii ya kunde, ambaye mara nyingine anaanza safari yake shambani. Kausha punje vizuri juani, pepeta, kisha hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ufunge barabara. Usifungue kila siku kuchungulia.

Ng'ombe na mbaazi

Sasa nafika kwenye neno ambalo wataalamu wengi hulipita haraka. Hapa kwetu, mahindi yakishavunwa, mashamba hufunguliwa na mifugo huingia kula mabua. Ni desturi ya siku nyingi, na ina faida: ng'ombe anapata malisho ya kiangazi, shamba linapata samadi. Lakini mbaazi wakati huo ndiyo kwanza zina maganda mabichi. Ng'ombe wa asubuhi moja wanaweza kumaliza kazi ya miezi minane.

Ndiyo maana mkulima mmoja hawezi kurudisha mbaazi peke yake. Akipanda peke yake, shamba lake ni kisiwa cha kijani katikati ya kiangazi, na kila ng'ombe ataliona. Utampiga nani? Mchungaji ni mtoto wa jirani yako, na mabua alifunguliwa na desturi.

Dawa ni mkutano. Kabla ya msimu, wakulima na wafugaji wakae pamoja, Wairaqw na Wabarabaig na wengine wote, mbele ya serikali ya kijiji. Wapatane mambo matatu: eneo gani la kijiji litapandwa mbaazi mwaka huo, kwa kushikamana pamoja badala ya vipande vilivyotawanyika, tarehe gani mashamba hayo yatafunguliwa, na njia zipi mifugo itapita kwenda majini. Mkulima naye atoe kitu. Baada ya kupura, maganda matupu na majani ni chakula kizuri cha ng'ombe kiangazi. Mfugaji akijua atapata sehemu yake, atalilinda shamba kama lake. Makubaliano yaandikwe, na ikiwezekana yafanywe sheria ndogo ya kijiji. Neno lililosemwa chini ya mti husahaulika, lililoandikwa husomwa.

Soko lina somo lake

Sitakuficha jambo. Wako walioacha mbaazi kwa sababu ya soko, wala si mnyauko. Mnunuzi wetu mkubwa ni India. Mwezi Agosti mwaka 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazotoka nje, na bei huku kwetu ikaanguka hadi shilingi mia chache kwa kilo. Watu waliokuwa wamejaza maghala walilia. Mwaka 2021 India ilifungua tena mlango, na bei ikapanda.

Somo ni nini? Si kwamba mbaazi ni zao baya. Somo ni kwamba usipande shamba zima kwa ajili ya mnunuzi mmoja aliye ng'ambo ya bahari. Mbaazi zikiwa ndani ya mahindi, bei ikianguka bado una mahindi, una mboga, una kuni, una udongo ulioshiba. Kwanza kula. Makande ya mbaazi yanajenga mwili wa mtoto kama maharage, na mbaazi mbichi zikichemshwa ni kitoweo. Pwani wanazipika kwa nazi, na watu hugombea sahani. Kisha uza ziada, na uuze pamoja na wenzako kupitia chama chenu cha ushirika na ghala. Sheria ya stakabadhi za ghala ipo tangu mwaka 2005. Lakini ghala halipokei takataka. Punje ziwe kavu, safi, za aina moja. Mbaazi nyeupe iliyochanganywa na ya madoadoa hushusha bei ya gunia zima.

Jaribu kwanza

Mwisho, sitaki uniamini kwa sababu nasema redioni au nimesomea chuoni. Jaribu mwenyewe. Tafuta wakulima kumi au kumi na tano, wanaume kwa wanawake, mfanye shamba darasa. Chagueni kipande ambacho mbaazi zilikufa. Hapo pandeni mistari miwili ya mbegu yenu ya zamani na mistari miwili ya Mali, kisha rudieni tena, mistari miwili miwili. Kila mstari uwe na idadi sawa ya mimea. Hesabuni waliokufa mara tatu: kabla ya maua, wakati wa maua, na maganda yakijaa. Mwandikeni mtu mmoja awe katibu wa hesabu. Msing'oe mmea mgonjwa kabla haujahesabiwa.

Mkimaliza mtakuwa na jibu la udongo wenu, si la Babati wala la Malawi. Ikiwa katika mia ya mbegu ya zamani wamekufa arobaini na katika mia ya Mali wamekufa wanne, hakuna haja ya mkutano mrefu. Ikiwa wamekufa sawasawa, niiteni mimi, au bwana shamba aliye karibu nanyi, maana huenda mbegu mliyouziwa siyo, au udongo una jambo jingine linalotaka kuchunguzwa huko Selian.

Ndugu mkulima, mbaazi haikutukimbia. Ni sisi tuliifukuza baada ya kuugua, kabla ya kumwuliza mganga. Msimu ujao, kabla ya mvua, tenga robo eka tu. Tafuta mbegu yenye lebo, zungumza na jirani mwenye ng'ombe, na nunua daftari la kuandikia hesabu. Mwaka ukipita, tutakutana tena utueleze ulichokiona.

Hadi juma lijalo, nakutakia kazi njema na mvua njema. Kwaheri.